Redio koli kwenye mitumbwi ya dagaa: mchana tunasikilizana, usiku hatupatani. Tatizo liko wapi?

Mwana_Mwalo:
Wakuu, habari za majukumu. Kikundi chetu hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kina redio koli sita za mkononi aina ya UV-5R. Moja inabaki ufukweni, tano zinaingia ziwani na mitumbwi ya dagaa. Tunazitumia kuitana, kuambizana dagaa wako upande gani, na kupeana taarifa upepo ukibadilika au injini ikigoma. Tumeziweka kwenye masafa ya VHF.

Shida zenyewe ni hizi. Mchana tukijaribu, mtumbwi ukiwa kama kilomita 6 kutoka ufukweni, maneno yanapita vizuri. Usiku, kwenye kilomita 3 au 4 tu, mambo yanaharibika. Ufukweni wanatusikia kwa kukatikakatika, lakini sisi tulioko ziwani hatuwasikii kabisa, na mtumbwi kwa mtumbwi ni shida tupu. Skwelchi (kile kizuizi kinachonyamazisha spika pasipo na mawimbi) tumeipandisha hadi 9 maana chini ya hapo redio inakoroma usiku kucha, na hata kwenye 9 inakoroma mara kwa mara.

Betri nazo zinaingia ziwani zimejaa saa moja jioni, ikikaribia saa sita usiku zimekwisha. Redio namba 3 na namba 5 zinasikika kwa sauti ya chini sana hata mpokeaji akifungua volumu yote.

Taa zetu ni LED za volti 12 kwenye betri ya gari. Wenzangu wanataka tuchange tununue redio za wati 8 au 10. Tununue?

FundiVolti:
Mkuu, michango hiyo isubiri. Jibu umeshalitoa mwenyewe: ufukweni wanawasikia ninyi, ninyi hamuwasikii wao. Redio zinafanana, wati ni zilezile, umbali ni uleule. Kama tatizo lingekuwa nguvu ya kurusha, pande zote mbili zingeteseka sawa. Kinachoteseka ni masikio ya redio iliyoko mtumbwini, na kilichopo mtumbwini usiku ambacho mchana hakipo ni taa.

Taa nyingi za LED za bei nafuu zina saketi ndogo ndani yake inayokata na kuunganisha umeme maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde ili LED zipate mkondo zinaoutaka. Ukataji huo unazalisha kelele ya redio, na nyaya zinazotoka kwenye betri kwenda kwenye taa zinaigeuza mitumbwi yenu kuwa vituo vya kurusha kelele. Inafika hadi kwenye megahezi 150 na kitu mnazosikilizia. Taa iko mita moja kutoka kwenye redio, mwenzako yuko kilomita nne. Hapo mwenzako hana nafasi.

Baada ya hapo mambo yanavutana. Kelele inafungua skwelchi, mnaipandisha, redio inazidi kuwa nzito kufunguka kwa mawimbi dhaifu. Na kila inapokoroma inakula betri. UV-5R ikiwa kimya inasubiri hutumia kama miliampia 75. Ikipokea, spika ikifanya kazi, inafika 380. Ikirusha kwa nguvu ya juu, ampia 1.4. Sasa chukua betri ya miliampia-saa 1800 ugawanye kwa 380: saa nne na dakika arobaini na kitu. Kuanzia saa moja jioni unaangukia kabla kidogo ya saa sita usiku. Betri zenu hazina kosa, zinalishwa kelele.

Thibitisheni kabla ya kunibishia. Mtumbwi mmoja uende kilomita 3 usiku, taa zote zikiwaka, injini imezimwa. Shusha skwelchi hadi 1. Wa ufukweni aweke nguvu ya chini, menyu namba 2, TXP, LOW, kisha ahesabu polepole moja hadi thelathini. Wakati anahesabu, zimeni taa mojamoja, na mwenye redio aseme anasikia namba zipi. Msipime kwa ukubwa wa mkoromo, kwenye FM mkoromo unasikika karibu uleule kelele ikiwa ndogo au kubwa. Pimeni kwa maneno yanayoeleweka. Mara nyingi mtakuta taa moja au mbili ndizo zinazoharibu, zilizobaki ni safi.

Mkishaijua taa mbovu, kama hamuwezi kuibadilisha, fanyeni hivi. Redio ikae mbali na taa na nyaya zake, mita 2 au 3 zinatosha kuleta tofauti. Kama taa ziko mbele, redio ikae kwa mwendesha injini. Sokoteni waya chanya na hasi pamoja kwa urefu wote, mzunguko mmoja kila sentimita 4 au 5, zisiachwe zimetandazwa kila moja upande wake. Kateni waya uliozidi badala ya kuukunja. Halafu vikeni pete ya ferite inayozuia kelele kupita kwenye waya, zile nusu mbili zinazofunga kwa kubana, karibu kabisa na taa, waya wote wawili wapite ndani pamoja. Mzunguke mara tatu au nne kama tundu linaruhusu. Pete nyingine iwe upande wa betri.

Antena_Ujiji:
FundiVolti amegonga penyewe. Ninaongeza mawili na la tatu ninampinga kidogo.

Kuhusu wati kwanza. Kutoka wati 5 kwenda 10 ni desibeli 3, yaani hatua ndogo tu. Kwenye maji wazi hutaona tofauti ya maana, maana kinachowakatia mawasiliano mapema ni kimo cha antena. VHF inakwenda karibu na mstari mnyoofu, na maji nayo yamepinda pamoja na dunia. Upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, halafu unajumlisha pande zote mbili. Mtu aliyekaa mtumbwini, antena ikiwa mita 1.2 juu ya maji, ana kilomita 4.5. Wawili hivyo ni 9, na hapo ni ukomo, si mahali pa mazungumzo mazuri. Akisimama na kuinua redio, antena ikafika mita 2, yeye peke yake anapata 5.8. Ufukweni mkiweka antena kwenye mlingoti wa mita 9, upande huo unapata zaidi ya 12. Ndiyo maana redio moja ufukweni yenye antena ya juu inawafaa mitumbwi mitano kuliko kununua redio tano mpya.

Na Kigoma mna vilima vimeinama juu ya ziwa. Antena iliyo mita 100 juu ya maji ina upeo wa kilomita 41 upande wake. Ila vilima hivyohivyo vinaziba: mtumbwi ukikata kona nyuma ya rasi, usiilaumu redio.

Pili ni antena yenyewe. Ile fupi inayokuja na redio ni ya kubebeka, kwenye VHF inapoteza sana. Wekeni ndefu ya sentimita 40 hivi. UV-5R ina kiungio cha antena cha SMA chenye pini upande wa redio, kwa hiyo antena iwe ile yenye tundu; wauzaji wanachanganya, nenda na redio dukani. Kisha ongezeni mkia. Redio ya mkononi haina ardhi ya kutosha (ule upande wa pili unaoikamilisha antena), inategemea mwili wa aliyeishika. Chukua waya laini wa umeme, urefu wa mita ni 71 gawanya kwa megahezi zenu. Kwa 150 ni sentimita 47. Menya ncha moja, izungushe kwenye kola ya nje ya chuma chini ya antena, funga antena juu yake ibane, waya uning'inie chini. Hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa shaba unaogusa pini ya kati. Mkia huo unagharimu nauli ya bajaji, na unazishinda wati 3 za kununua.

Ninapotofautiana na FundiVolti ni kwenye skwelchi. Kwenye UV-5R nyingi hatua za 1 hadi 9 zimepangwa karibukaribu kutoka kiwandani, kwa hiyo kushuka kutoka 9 hadi 3 peke yake hakutawapa muujiza. Kelele ikiwepo inazamisha maneno hata skwelchi ikiwa wazi kabisa. Msihangaike na namba ya skwelchi kabla ya kushughulikia taa. Mkishamaliza taa, programu ya CHIRP, ile ya kupangia redio kwa kompyuta, ina ukurasa wa mipangilio ya huduma unaokuruhusu kupanga kila hatua kivyake.

FundiVolti:
Nakubali, Antena_Ujiji. Taa kwanza, skwelchi baadaye. Baada ya hapo iwekeni 3.

Mwana_Mwalo:
Wakuu, shukrani sana. Tumefanya jaribio la kuhesabu. Taa nne zilikuwa zinawaka. Ilipozimwa ile ya katikati, namba zilianza kusikika karibu zote. Ya pili tuliyoizima ikaondoa kukwaruza kulikobaki. Hizo mbili ni za aina moja, nyingine ni tofauti. Pete za ferite tumeagiza.

Yamebaki mawili: namba 3 na 5 zenye sauti ya chini, na suala la kuchaji. Tunachaji kwa paneli ya sola, kikombe cha chaja tumekiunganisha moja kwa moja kwenye paneli. Vikombe viwili vimekwisha kufa.

Mama_Sola:
Ndugu yangu, ondoeni hizo nyaya leo hii. Paneli inayoitwa ya volti 12 haitoi 12. Juani, ikiwa haina mzigo, inafika 21 au 22, na kikombe cha UV-5R kimetengenezwa kupokea volti 10. Vikombe viwili kufa ni bahati, vingeweza kuchemsha betri za lithiamu ndani ya kibanda.

Mpangilio salama ni paneli, kisha kidhibiti chaji, kisha betri ya gari ya volti 12, na kutoka kwenye betri mnatumia waya wa chaja ya gari uliotengenezwa kwa ajili ya kikombe hicho, au waya wa USB unaopandisha volti 5 kwenda 10. Wekeni fyuzi kwenye waya chanya, karibu na betri, ampia 5 inatosha kwa vikombe sita. Unganisheni betri kwenye kidhibiti kabla ya paneli, na mkifungua anzeni na paneli.

Redio izimwe wakati wa kuchaji. Taa ya kikombe ikiwa nyekundu inachaji, ya kijani imejaa. Kikombe kinatoa karibu miliampia 400, kwa hiyo betri iliyokwisha inahitaji saa nne hadi tano, na hakuna njia ya mkato. Kikiwaka kijani dakika kumi baada ya kuweka betri tupu, usifurahi: betri imekufa au vibati vya mguso vina uchafu. Chajini kivulini. Banda la mabati saa nane mchana ni tanuri, na betri ya lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45.

Multimita ndiyo itakayowaambia ukweli. Betri hii ina seli mbili, jina lake volti 7.4 lakini ikijaa inasoma 8.4. Itoe kwenye kikombe, iache saa moja, pima kwenye vibati vyake viwili: chini ya 8.2 inaanza kuzeeka. Halafu iweke redioni, rusha kwa sekunde kumi, pima tena. Iliyoshuka sana kuliko wenzake ndiyo inayowazimikia ziwani. Andikeni namba kwa rangi ya kucha kwenye kila betri, betri ibaki na redio yake, vinginevyo mbovu itazunguka kwenye mitumbwi yote na hamtaijua.

Siku za mbalamwezi msipotoka, msiziache zimejaa na msiziache tupu. Chajini nusu, iwe kama 7.6, toeni betri kwenye redio, wekeni mahali pa baridi. Betri iliyovimba, hata kidogo, hairudi kazini, na msiitoboe.

Na jambo jingine ambalo hamkulitaja ila ninalifahamu kwa vijana wa redio hizi: kitufe cha CALL kinafungua stesheni za FM. Muziki wa usiku kucha ni spika inayokula mkondo uleule wa kupokea. Kwenye CHIRP mnaweza kuizima FM hiyo kabisa.

FundiVolti:
Namba 3 na 5: angalia menyu namba 5, W/N, yaani upana wa chaneli. Ninaweka dau hizo mbili ziko NARR na nyingine ziko WIDE. Inayorusha kwa upana mdogo ikipokelewa na iliyo kwenye upana mkubwa, sauti inatoka ndogo. Kinyume chake, inayorusha WIDE kwenda NARR, sauti inakwaruza na kukatika neno linapopanda. Zote sita lazima ziwe sawa, na upana unafuata kibali chenu: kilohezi 12.5 ni NARR, 25 ni WIDE.

Kama W/N ziko sawa, tazama tundu la maikrofoni, kile kitobo kidogo mbele ya redio. Magamba ya dagaa na mafuta ya mikono vinakiziba. Lowanisha mswaki laini kwa spiriti, sugua redio ikiwa imeinamishwa uso chini ili uchafu udondoke nje. Msichokonoe kwa sindano, nyuma yake kuna utando mwembamba.

Ukiwa umeshika redio, zipangeni zote upya kwa pamoja ili zisitofautiane tena. Njia ya vitufe ni ndefu lakini haihitaji kompyuta. Kwanza, futa chaneli ya zamani kwa menyu 28, maana haikubali kuandikiwa juu. Bonyeza kitufe cha VFO/MR utoke kwenye chaneli, uwe mstari wa juu kwa kitufe cha A/B. Ukiwa mstari wa chini haihifadhi sawasawa. Menyu 7, TDR, iwe OFF: kusikiliza masafa mawili kwa zamu kunakula betri na kunakukatia neno la kwanza. Ingiza masafa yenu kwa tarakimu sita. W/N. Kisha toni, ule mlio mdogo unaotumwa pamoja na sauti ili kufungua spika ya mwenzako: menyu 13, T-CTCS, toni ya kurusha, na menyu 11, R-CTCS, toni ya kupokea. Mwisho menyu 27, chagua namba ya chaneli, MENU, EXIT.

Kuhusu toni, zitumieni, kwa mfano 88.5 kwa zote, maana zitazuia spika kufunguka kwa kelele ya taa na kuokoa betri. Lakini mfahamu toni si siri. Mwenye redio isiyo na toni anawasikia neno kwa neno. Na toni haipunguzi kelele, inaficha tu. Mkizima taa mbovu ndipo mnaposikia mbali. Dalili ya toni kukosewa: taa ya kijani inawaka lakini spika kimya. Hapo mtumaji hajaweka T-CTCS au ameweka tofauti. Ukishikilia kitufe cha MONI utamsikia.

Mipangilio mingine ya ziwani: SAVE, menyu 3, ya kuokoa betri, iwe 2 au 3. VOX, menyu 4, inayorusha yenyewe ikisikia sauti, OFF kabisa, vinginevyo upepo utarusha badala yako. TOT, menyu 9, sekunde 60, ili kitufe kikikaliwa na mtu au kikibanwa na kamba, redio ijikate yenyewe. AUTOLK, menyu 24, inayofunga vitufe yenyewe, ON.

Mkipata kompyuta, CHIRP inarahisisha. Zima redio, sukuma kebo mpaka ndani kabisa. Hili ndilo kosa linalosumbua wengi, plagi inaonekana imeingia kumbe imebaki milimita moja, wakati mwingine mpaka umenye kidogo plastiki ya plagi. Washa redio. Soma kwanza kilichomo redioni, hifadhi faili hilo bila kuligusa, kisha fanya mabadiliko kwenye nakala. Kompyuta ya Windows ikiikataa kebo yenye chipu ya Prolific isiyo halisi, weka draiva ya zamani, toleo 3.2.0.0.

Nahodha_K:
Ndugu zangu, ufundi mmeumaliza, sasa tuseme matumizi na sheria, maana ziwa hili tunalo na Kongo, Burundi na Zambia na mawimbi hayasimami mpakani.

Masafa hayachaguliwi kwa kupenda. Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, kibali cha kutumia masafa kinatoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kikundi kiandike maombi kama kikundi, kitaje idadi ya redio, eneo na nguvu za kurusha, na mtapewa masafa yenu ambayo hamtagongana na mtu. Aina ya redio pia iwe imekubaliwa na mamlaka hiyo. Ulizeni hilo kabla ya kununua nyingine.

Chaneli 16 ya vyombo vya majini, megahezi 156.800, ni ya kuita na ya dharura. Iwekeni kwenye redio zenu kwa kusikiliza. Kwa kurusha humo kwa kawaida inatakiwa redio ya majini yenye kibali chake, na ningeshauri kikundi kiwe nayo angalau moja ufukweni na moja ziwani. Ila chombo kikiwa kinazama, kanuni za kimataifa za redio zinakuruhusu kutumia njia yoyote uliyonayo kuomba msaada. Pale Bandari ya Kigoma ulizeni saa zinazosikilizwa, msije mkaita usiku mahali ambapo hakuna mtu.

Namna ya kuongea. Inua redio iwe wima usawa wa uso. Ukiilaza, antena yako na ya mwenzako zinapishana na mawimbi yanapungua sana. Sikiliza kwanza kama kuna anayeongea. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Ukisema papo hapo toni haijafungua spika ya upande wa pili, neno la kwanza linapotea, na mara nyingi neno hilo ni jina la mtumbwi. Mdomo uwe sentimita 5 kutoka kwenye maikrofoni, pembeni kidogo ili pumzi isigonge moja kwa moja. Sauti ya kawaida. Kupiga kelele kunaharibu maneno, hakuongezi kilomita.

Mwite kwa jina lake kwanza, kisha lako: "Mtumbwi wa pili, mtumbwi wa pili, hapa ufukweni, ovaa." Namba zitajwe tarakimu mojamoja. Pangeni saa: kila saa kamili ufukweni unaita mitumbwi yote kwa zamu, kila mmoja ajibu mahali alipo na hali ya betri yake. Asiyejibu mara mbili, anaulizwa aliye karibu naye.

Dharura ina mpangilio wake: "Meidei" mara tatu, jina la chombo mara tatu, mahali ulipo, kilichotokea, watu wangapi, msaada unaotaka. Mahali ulipo chukua kwenye GPS ya simu, inafanya kazi bila mtandao. Wakati upepo wa kusini wa kiangazi umekaza, kuanzia Mei hadi Septemba, usianze kuitafuta namba hiyo ya GPS baada ya injini kuzima. Iandike kila ufukweni unapoita.

Mwana_Mwalo:
Mkuu FundiVolti, ni kweli kabisa, 3 na 5 zilikuwa NARR. Tumezifuta na kuziandika upya. Tunaanza maombi ya kibali na tunataka kusimamisha antena ya ufukweni kwenye nguzo. Tunaweza kuitengeneza wenyewe? Na redio ikidondoka majini, tufanyeje?

Antena_Ujiji:
Mnaweza, na itafanya vizuri kuliko nyingi za dukani. Tafuta soketi ya kebo ya antena aina ya SO-239, ya bati lenye matundu manne, na fimbo za shaba za kulehemia zenye unene wa milimita 3. Moja isimame katikati, sentimita 47.5 kwa megahezi 150, imelehemiwa kwenye pini. Nne za sentimita 50 zifungwe kwenye matundu ya pembeni kwa bolti ndogo, kisha zikunjwe kushuka chini nyuzi 45. Mkunjo huo ndio unaoileta kwenye omu 50 ambazo redio inazitaka, zikibaki zimelala sawa haitapatana nayo vizuri. Masafa yakiwa tofauti, badilisha urefu kwa hesabu ya 71 niliyotoa. Pimeni kwa mita ya SWR, inayoonyesha nguvu zinazorudi kutoka kwenye antena: chini ya 1.5 ni safi, ikipita 2 msirushe, tafuteni mguso mbaya kwanza. Na redio yoyote isibonyezwe kurusha bila antena, transista ya mwisho inaungua kwa nguvu zinazorudi.

Kebo isiwe ile nyembamba ya RG-58 kama ni ndefu. Kwa mita 20 inakula karibu nusu ya nguvu au zaidi, wakati ile nene ya RG-213 inakula kama theluthi. Kiungo cha juu kizungushiwe mpira wa tyubu ya baiskeli uliovutwa, kisha utepe wa umeme, na kebo ifanye kitanzi kushuka kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee nje. Masika yakija, radi za Kigoma mnazijua: mkisikia ngurumo ya kwanza, fungueni kebo na muitupe nje ya nyumba, wala msiiache imelala mezani karibu na redio.

Mama_Sola:
Ikidondoka majini: UV-5R si ya kuzamishwa. Toa betri hapohapo, kabla ya kuifuta, na mtu asibonyeze kitufe chochote "kuona kama bado inafanya kazi", hapo ndipo saketi inapoungua. Toa antena. Ikung'ute, kisha fungua skurubu mbili za nyuma ndani ya nafasi ya betri kama una bisibisi sahihi, mwaga spiriti safi ndani isukume maji, iache kivulini penye upepo siku mbili nzima. Isikae juani juu ya bati wala karibu na jiko. Mchele hausaidii, unaacha unga kwenye spika. Betri iliyoingia maji isirudi kwenye chaja. Achaneni nayo.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Tundu la mkanda kwenye redio lifungiwe kamba nyembamba yenye kipande cha boya la wavu la kutosha kuielelesha. Jaribuni ufukweni, penye maji ya magotini, kabla ya kuliamini. Mvua ikinyesha, iwe ndani ya mfuko wa plastiki mwembamba uliofungwa kwa mpira, sauti inapita na kitufe kinabonyezeka. Kifuniko cha mpira cha tundu la kebo pembeni kisikatwe, maji mengi yanapitia hapo. Kila wiki futeni vibati vya betri, vya redio na vya kikombe kwa raba ya penseli kisha spiriti. Petroli na mafuta ya kulegeza nati yasiguse redio, yanakula plastiki na kuvuta vumbi.